Kiapo Tusichoweza Kuapa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii riwaya imeninyima usingizi. Najua mtanicheka, mtu mzima mwenye mvi kukoseshwa usingizi na hadithi ya kubuni, lakini ndivyo ilivyo. Vijana wetu wa kundi la kusoma walichagua kitabu cha Ayn Rand kiitwacho Atlas Shrugged, kilichotoka Marekani mwaka 1957, kurasa zaidi ya elfu moja. Alhamisi walipokutana kukijadili, mambo yalikuwa moto mpaka mlinzi akaja kugonga dirisha kwa funguo, anataka kufunga. Wengine waliondoka bila kuagana. Mmoja wao, injinia, kijana niliyemfundisha shule ya Jumapili tangu ana meno ya utoto, alisimama akatusomea kiapo cha shujaa wa kitabu, John Galt: kwamba anaapa kwa uhai wake na kwa jinsi anavyoupenda, hataishi kamwe kwa ajili ya mtu mwingine, wala hatamtaka mtu mwingine aishi kwa ajili yake. Akafunga kitabu akaniangalia. "Mama, nionyeshe kosa liko wapi."

Mistari ya kumjibu ninayo, na nilimtajia. Kilichonikosesha raha ni kwamba moyo wangu ulikuwa umeshasema amina. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Nyie mnaopokea mshahara mnanielewa. Pesa haijakaa hata saa moja, simu zimeanza: binamu kafiwa na mkwe, mtoto wa jirani wa kijijini kafaulu, kadi ya harusi ya bwana harusi ambaye sijawahi kumtia machoni, na shemeji yangu mmoja ambaye hupiga mzinga kila mwezi kisha humalizia, "tuma na ya kutolea, dada." Ya kutolea! Siku kama hiyo kiapo cha Galt kinasikika kama habari njema.

Kwa ambao hamjakisoma: Atlas ni lile jitu la hadithi za Wayunani linalobeba mbingu mabegani. Kitabu kinauliza, je, jitu likichoka na kuutua mzigo? Wavumbuzi na wenye viwanda wa Marekani wanagoma mmoja mmoja, wanatoweka, na nchi inasimama. Mwandishi alizaliwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1905. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa, na Wabolsheviki walipoishika nchi duka lile likachukuliwa kwa jina la wananchi. Yeye akaingia Marekani mwaka 1926. Mungu hakumwamini, wala hakuwahi kulificha hilo. Simtetei, ila msichana aliyeona jasho la baba yake likitaifishwa hawezi kuyasikia maneno "kwa faida ya wote" kama tunavyoyasikia sisi. Hata hapa kwetu wapo wazee ambao nyumba zao zilichukuliwa mwaka 1971. Ukiwatajia Azimio la Arusha, nyuso zao haziwi kama za sisi ambao tulipata dawati na dawa kwa siasa ileile.

Vijana walitumia nusu saa nzima kwenye uchumi. Kwamba Alan Greenspan, aliyekuwa mtu wa karibu wa mwandishi huyu, aliongoza benki kuu ya Marekani toka 1987 hadi 2006, na kwamba Oktoba 2008, mabenki yakiwa yanaanguka, alisimama mbele ya Bunge lao akakiri kuona kasoro katika mtazamo aliouamini miaka yote. Hapo sina la kuongeza. Mambo ya mabenki ya Marekani tuwaachie wenyewe.

Lakini kuna kisa kimoja mle ndani ambacho kila mshirika angekisoma. Mtu mmoja aliyedandia treni anamsimulia Dagny Taggart, mama wa mambo ya reli, yaliyowapata kwenye kiwanda cha injini alichofanyia kazi. Warithi wa kiwanda waliwakusanya wafanyakazi elfu sita, wakapigisha kura: kuanzia sasa kila mtu afanye kazi kadiri ya uwezo wake, apewe kadiri ya mahitaji yake. Nani anyooshe mkono kukataa neno zuri hivyo? Ila mahitaji yakawa ya kupimwa na mkutano, kwa hiyo kila mmoja ikabidi asimame mbele za watu ajieleze shida zake kama ombaomba. Aliyeonekana hodari akaongezewa saa za kazi, hivyo watu wakajifunza kuficha uwezo wao. Wakaanza kuchunguzana. Mtoto akizaliwa, majirani wananuna. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, ambaye starehe yake duniani ilikuwa santuri za muziki tu. Mkutano ukamnyima pesa ya santuri, ni anasa. Mkutano huohuo ukapitisha waya za dhahabu za kunyooshea meno ya binti mdogo wa mtu. Mzee akaingia kwenye pombe, na usiku mmoja akiwa amelewa akakutana na yule mtoto njiani, akamvunja meno yote.

Injinia wetu hakuniachia nafasi ya kupumua. "Matendo 4:35 inasema kila mtu akagawiwa kwa kadiri ya alivyohitaji. Sasa Mama, Yerusalemu na kile kiwanda vina tofauti gani?"

Ni swali zuri, na jibu liko sura inayofuata, ila sisi tukifika pale tunakimbilia kuanguka kwa Anania na kuruka alichoambiwa kabla hajaanguka. Petro hakumwambia alipaswa kuleta zote. Alimwambia kiwanja kilikuwa mali yake kabla hakijauzwa, na hata kilipouzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kilichomwua ni uongo. Hakuna aliyepigia kura mfuko wa Barnaba. Barnaba aliuza shamba mwenyewe, akaleta mwenyewe. Na Bwana wetu, ambaye hakuna aliyetoa kuliko yeye, aliusema uhai wake hivi katika Yohana 10:18: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe."

Sasa niseme na sisi, na mniwie radhi, maana nilikusudia kuandika juu ya riwaya.

Wapendwa, kile kiwanda kimo kati yetu. Kamati ya harusi inakaa kwenye viti vya plastiki na soda, haijamuuliza mtu, tayari imeshamkadiria: "huyu yuko kwenye mradi, mwandikie laki tatu." Orodha inarushwa kwenye kundi, majina na ahadi, na ambaye hajamaliza anawekewa alama ili wote waone. Nimekaa ibadani mahali fulani nikashuhudia waliotoa elfu hamsini na kuendelea wakiambiwa wasimame waombewe, na mama mmoja mbele yangu, mwenye mia tano yake ameifunga kwenye pindo la kanga, akainamisha uso. Paulo anasema mtu atoe "si kwa huzuni, wala si kwa lazima", nasi tumegeuza lazima kuwa ratiba. Halafu kijana aliyekamuliwa miaka kumi kwa jina la Yesu akikutana na John Galt akamwita mkombozi, tunasema vitabu vya kizungu vimemharibu!

Mle kitabuni yumo Hank Rearden, mwenye kiwanda cha chuma. Mama yake, mkewe na mdogo wake Philip wote wanakula kwake na wote wanamdharau. Siku moja Philip anazungumzia shida ya kuchangisha pesa za chama chake cha hisani, na Rearden anampa dola 10,000. Philip anaomba apewe taslimu, maana jina la Rearden likionekana kwenye vitabu vya chama litawatia aibu wenzake. Nilicheka peke yangu jikoni hadi mboga ikaungua. Shemeji hajafika huko, nikiri kwa haki. Ila wapo kati yetu wanaomsema bosi fulani kuwa ni fisadi mpaka siku ya kumpelekea kadi.

Basi mwandishi yule ameuona ugonjwa. Dawa yake ndiyo siwezi kuimeza.

Whittaker Chambers, aliyekuwa jasusi aliyewafanyia kazi wakomunisti kabla ya kumgeukia Mungu, alikikosoa kitabu hiki vikali mwaka uleule wa 1957, tena kwenye jarida la watu wa mrengo wa kulia ambao ungedhani wangekishangilia. Moja ya malalamiko yake ni kwamba mle ndani watu ni wa aina mbili tu, wema kabisa na waovu kabisa. Mimi naongeza langu la kike: mashujaa wakuu wa kitabu hawana hata mtoto mmoja. Hakuna anayeamshwa usiku na homa ya mtoto, hakuna anayemgeuza mzazi kitandani asipate vidonda. Ukiwaondoa hao, kiapo cha Galt kinakaa vizuri sana mdomoni.

Mimi hakikai. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita, mama akabaki na vitumbua. Aliyenilipia ada ya sekondari ni mzee mmoja wa kanisa, fundi cherehani, naye alikuwa na watoto wake wa kulisha. Kila likizo nilitakiwa kupeleka madaftari kwenye kibaraza chake. Aliweka pembeni shati analoshona, akalamba kidole gumba, akafunua ukurasa mmoja mmoja. Kiingereza hakukijua. Alikuwa anatafuta wino mwekundu tu. Akiuona anasimamisha kidole: "Hapa mwalimu kasemaje?" Muhula nilioporomoka hesabu nilikwenda nikitetemeka. Hakunifokea. Alisema, "Ada nimelipa mimi. Hesabu utafanya wewe." Akarudi kwenye shati lake.

Naomba muione Wagalatia 6 pale kibarazani. Mstari wa 2, "Mchukuliane mizigo", na mstari wa 5, "kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe", vyote kwa mtu mmoja, kwa sentensi mbili. Galt ameuchana mstari wa 2. Shemeji yangu ameuchana wa 5.

Lakini pa kukaa hasa ni hapa. Mwandishi yule aliuelewa msalaba kuliko wengi wetu tunaouvaa shingoni. Katika mahojiano ya mwaka 1964 aliulizwa habari za msalaba, akajibu kwamba kwa imani ya Wakristo Kristo ndiye mtu mkamilifu, na mkamilifu huyo alikufa kwa ajili ya dhambi za wasio wakamilifu, mwema akatolewa kwa ajili ya wasio wema. Akasema kama angekuwa Mkristo, hakuna jambo ambalo lingemkasirisha kuliko hilo.

Someni tena Warumi 5. Paulo anasema lilelile: ni shida mtu kufa hata kwa ajili ya mwenye haki, bali Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi." Mwanamke asiyeamini amelitazama jambo hilo machoni na damu ikamchemka, kwa sababu aliona ukubwa wake. Sisi tunaliimba huku tunatafuta chenji ya sadaka. Ndugu yangu, dada yangu, hukustahili! Huo ndio ukweli wote wa wokovu wako. Hukuwa yatima mwenye maksi nzuri aliyesaidiwa kwa kuwa anatia matumaini. Ulikuwa Philip. Umekula mezani pa Kristo huku unaona aibu jina lake likionekana kwenye orodha yako kazini, mtaani, kwenye sherehe zenu. Naye alijua hivyo, akalipa, wala hakuna aliyemlazimisha. Tutaapa vipi kwamba hatutaki mtu aishi kwa ajili yetu, wakati tunapumua kwa sababu mmoja aliishi na kufa kwa ajili yetu? Kiapo kile nusu ya pili ndiyo inatushinda kwanza, kabla hata hatujafika kwenye habari ya kuwasaidia wengine.

Kwa hiyo wewe uliyechoka, unayezima simu tarehe ishirini na tano, nakusihi kwa upendo: usiape. Kataa mzinga ukiona ni mzinga, hiyo ni ruhusa yako. Siku ile Kapernaumu Simoni alimfuata Bwana akamwambia, "Watu wote wanakutafuta", na Bwana akasema twendeni mahali pengine. Hata yeye aliacha foleni mlangoni. Lakini kabla hujasema hapana, muulize Bwana ni nani mmoja aliyekuletea mwezi huu, kisha mpe huyo pesa na muda, keti naye, fungua madaftari yake, muulize wino mwekundu unasemaje. Na wewe unayeomba, omba bila kumkadiria mtu mfuko wake, na jibu likiwa hapana, msalimie vilevile wiki ijayo.

Kamati zetu tutazizungumza kwenye kikao cha wazee. Nimeshaandika barua.

Alhamisi tunaendelea, na injinia ndiye ataongoza Wagalatia 6 wakati mimi nikisikiliza. Amenitumia ujumbe jana usiku: "Shikamoo Mama. Kuhusu msalaba nimekuelewa. Lakini yule mzee wa santuri ungemjibu nini pale mkutanoni, kama ungekuwa na kura?" Nimemwandikia marahaba. Jibu bado ninalitafuta, na mwenye nalo alilete Alhamisi saa kumi na moja jioni, ukumbi mdogo.