Siku moja maishani mwangu: kumtafuta mbawakawa wa zambarau

Saa 11 alfajiri, mwezi wa Mei, nilipakia garini chekecheo, kibano, turubai jeupe na taa ya kichwani. Saa 1 na nusu asubuhi nilikuwa Bredon Hill, Worcestershire, nchini Uingereza. Ndugu zangu wa Tanga hudhani kwamba ninakata kuni; kumbe kazi yangu ni kuchunguza miti mizee ambayo mioyo yake imeoza, kwa sababu ndani yake huishi Limoniscus violaceus, yaani huyo mbawakawa wa zambarau, ambaye kwa kweli ni mweusi mwenye mng'ao wa buluu, urefu wake kiasi cha sentimita 1. Akianguka chali hujifyatua: mwiba ulio chini ya kifua chake huchomoka ghafla na kuingia katika kijishimo, naye hurushwa juu kwa mlio mdogo. Nchini humu alipatikana kwanza Windsor, mwaka 1937, na hadi leo makao yake yanayojulikana ni machache mno.

Nilikusudia kukagua miti minne. Saa 3 alifika bwana mmoja na msumeno wa injini, akasema ametumwa kuangusha mti wa Fraxinus (kwa Kiingereza, ash) ulio kando ya njia, kwa kuwa umeshikwa na ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya jamii hiyo na tawi lake lingeweza kumwangukia mpita njia. Hofu yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo, nilimweleza kwamba buu wa mbawakawa huyo hukulia katika unga mweusi wa mbao iliyooza, ulio ndani ya shina hilo upande wa chini, kwamba mbawakawa mzima husubiri humo kipindi chote cha baridi, na kwamba sheria inamlinda yeye pamoja na makao yake. Akampigia simu mkubwa wake. Mkubwa akampigia mwingine. Tukasimama kwenye mvua, nami nikarudia maelezo yale yale kwa watu watatu, hadi walipokubali kupunguza matawi tu na kuacha shina limesimama.

Adhuhuri ilikwisha kupita. Nililala kifudifudi, mkono mmoja ndani ya shimo la shina, nikichota unga kijiko kwa kijiko, nikiuchekecha juu ya turubai na kuurudisha kwa mpangilio ule ule, kwa sababu tabaka likivurugika hukauka. Mgongo uliuma, na saa sikuitazama tena. Karibu na giza, kibano kiliinua ganda moja la bawa, jembamba, lenye mng'ao wa buluu chini ya taa. Nililitia katika kichupa, nikaandika namba ya mti, nikaurudisha unga wa mwisho na kuziba mdomo wa shimo kwa majani makavu kama nilivyoukuta.