Mvumo wa Uzi wa G

Juzi jioni mtoto wa dada yangu aliunganisha kompyuta yake na zile spika kubwa za sebuleni. Alipochomeka chaja ya kompyuta ukutani, spika zikaanza kuvuma kwa sauti nzito isiyokatika. "Mjomba, mbona zinanguruma na muziki sijaweka?" Nilichomoa chaja, mvumo ukakoma, naye akanitazama kama aliyeona mazingaombwe. Akaniuliza nimejuaje. Sikumjibu mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kurudi Mwananyamala, mwaka 1998, mara baada ya zile mvua za El Nino, nikiwa nimechuchumaa kwenye kibanda cha fundi mbele ya amplifaya iliyofunuliwa tumbo.

Ni amplifaya niliyopigia besi katika bendi yetu, ya Kiingereza, ya valvu (zile taa za kioo za zamani), wati 100, iliyowahi kuvunja ekseli ya mkokoteni tulipokuwa tunaihamishia ukumbini. Ilikuwa na umri unaokaribia wangu, na mvua zilikuwa zimeikuta stoo, chini ya bati linalovuja. Tangu hapo ikawa na maradhi mawili kwa pamoja: mvumo usiokoma na mkwaruzo wa ghafla uliokuja na kutoweka bila taratibu. Nyimbo za kasi ziliyafunika yote mawili. Ukifika wimbo wa taratibu, pale ambapo besi inapaswa kunyamaza ili mwimbaji apumue, mvumo ulibaki peke yake jukwaani, na wachezaji waligeuka kunitazama mimi. Kiongozi wa bendi alinipa siku tatu, kwa kuwa Jumamosi tulikuwa na dansi.

Fundi alikuwa mzee wa redio na televisheni ambaye hakuwa na mitambo ya kupimia zaidi ya mita moja iliyofungwa kwa mpira. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Kwanza alichomoa gitaa, akateremsha sauti hadi sifuri. Mkwaruzo ulipungua, mvumo haukutikisika. Akazima taa ya tyubu iliyokuwa juu yetu, kwa kuwa taa za namna hiyo nazo huweza kupenyeza kelele kwenye gitaa. Mvumo ukabaki vilevile. "Basi hauingii kwa mlango wa mbele," alisema. "Uko nyuma ya kitasa cha sauti. Sasa niambie, kijana, ni noti gani?"

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimeusikia mvumo ule kwa miezi nikiuchukia, na siku zote hizo haikunijia kwamba ungeweza kuwa noti. Alinirudishia gitaa, akapandisha sauti kidogo, akaniambia nitafute. Nilianza na uzi mnene nikiwa nimeubonyeza kwenye nafasi ya tatu, ambapo hutoka G ya chini. Ilikuwa ndugu wa mvumo ule, lakini haikuwa wenyewe. Nikaja kwenye uzi mwembamba, ule wa G, nikaupiga wazi bila kuubonyeza. Hapo kikatokea kitu ambacho bado nakisikia nikifumba macho. Sauti ya uzi na mvumo wa amplifaya zilishikana, kisha zikaanza kuyumba pamoja, zikivimba na kusinyaa, zikivimba na kusinyaa, karibu mara mbili katika kila sekunde, kama ngalawa mbili zilizofungwa kamba moja. Niliupiga tena. Yule mzee alikuwa ameinua kidole akihesabu mayumbo hayo hewani. Nilikaza ufunguo wa uzi kwa kiasi kidogo mno, mayumbo yakapungua kasi, yakawa marefu, hadi uzi na mvumo vikasimama pamoja vikiwa sauti moja, na kwa muda huo mfupi sikuweza kujua ni ipi yangu na ipi ya ugonjwa.

"Mia," alisema, akashusha kidole.

Alinieleza huku akitafuta bisibisi. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye sehemu inayougeuza kuwa wa mkondo mmoja, kila mtetemo hukunjwa ukawa vilima viwili, kwa hiyo hutoka 100. Kazi ya kuvisawazisha vilima hivyo ni ya kapasita kubwa za kuchuja. Kapasita hizo zikizeeka, maji yaliyomo ndani hukauka, vilima vikapita hadi kwenye spika. Uzi wa G wa besi hutetema mara 98, ndiyo maana tulisikia mayumbo mawili. "Ungeniambia ni ile G ya chini," aliongeza, "ningeanza na waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja."

Nilishukuru moyoni kwamba ilikuwa G ya juu.

Mengine yalikwenda upesi. Alizima, akachomoa, akazimwaga chaji kapasita kwa rezista iliyofungwa kwenye nyaya mbili ndefu, maana humo ndani hubaki volti zaidi ya 400 hata baada ya plagi kutoka ukutani. Mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Kariakoo nilipata mpya za mikrofaradi 47, volti 450, kwa bei iliyonilaza na chai kavu. Mkwaruzo aliuwinda kwa kijiti cha mwiko, akigonga kiungo kimoja baada ya kingine huku amplifaya inawaka, hadi mguu wa soketi ya valvu ya kwanza ulipojibu kwa kishindo. Lehemu yake ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele.

Kisha, kazi ikiwa imekwisha na mimi nimekwisha kuhesabu pesa, alifungua plagi. Sijui kwa nini. Nadhani alikuwa mtu wa kufunga kila mlango aliopita. Waya wa kahawia ulikuwa mahali pake, wa buluu mahali pake, na ule wa kijani na njano ulikuwa umekatwa karibu na shina na kufungwa selotepu.

"Nani alikata huu?"

Niliikata mimi, ethi ile. Miezi saba kabla, tuliponunua mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, na kuiunganisha na amplifaya yangu, uliingia mvumo wa chini kabisa, na mpiga kinanda akaniambia dawa yake ni kukata ethi. Nilikata, mvumo ukaondoka, nikasifiwa. Wiki hizohizo mwimbaji wetu, ambaye alikuwa akichomeka gitaa lake la rizimu kwenye tundu la pili la amplifaya yangu, alianza kulalamika kwamba maikrofoni inamng'ata midomo. Wapo waliodai ni mkono wa bendi pinzani. Yeye akaamua kuifunika maikrofoni kwa leso nyeupe, na mashabiki wakaipenda leso.

"Sijui, mzee wangu," nilijibu.

Alinitazama kwa muda, akaurudisha waya. Alinionyesha kwamba mvumo wa mikisa huondolewa kwa kuchomeka vyombo vyote kwenye soketi za mahali pamoja, na ukigoma, kwa kuachanisha kinga ya waya wa sauti upande mmoja tu, kamwe si ethi ya umeme. Jumamosi ile amplifaya ilikuwa kimya hivi kwamba makosa yangu yote yalisikika hadi mlangoni, na mwimbaji aliimba usiku kucha na leso yake ambayo sasa haikuwa na kazi.

Nimekutana na mwimbaji huyo mara mbili tangu hapo, zote misibani. Mara zote mbili yeye ndiye aliyeanzisha habari ya leso, akicheka, akisema ule ulikuwa mtindo wake na vijana waliuiga. Nilicheka naye.

Mtoto wa dada yangu alikuwa bado anasubiri jibu. Nilimweleza habari ya vilima na kapasita, nikamwimbia ile G, akaipata kwenye simu yake na kufurahi. Kisha akasema amesoma mahali kwamba kuna watu hufungua plagi na kukata waya mmoja, na kelele huisha.

"Huisha," nilisema, nikanyamaza kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopaswa. "Lakini lete hiyo plagi hapa nikuonyeshe."