Moto wa yuu na wa tini

Tangazo la msiba wa mamangu lilikuwa fupi, kama yalivyo matangazo yote ya msiba kwetu Lamu. Mke wa marehemu fulani, mwanajeshi mstaafu, mama wa fulani na fulani, amefariki alfajiri ya leo, mazishi baada ya adhuhuri, Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nililisoma kwenye simu saa kumi za usiku, nimesimama kwenye ukumbi wa nyumba ya wazee ninayofanyia kazi hapa Leicester, Uingereza, glavu bado mkononi. Lamu jua lilikuwa limeshatoka.

Kila neno la tangazo lile lilikuwa kweli. Lakini neno moja halikuwamo, na tangu siku ile limenikaa kooni. Mamangu alikuwa mwoka mikate.

Kwetu maiti hakai. Wakati natafuta tiketi, dadangu alinipigia kuniambia jeneza limeshatoka mlangoni. Nilifika siku ya tatu, ndege ya Nairobi hadi Manda, kisha boti ya kuvukia, na mlango wa nyumba yetu Langoni ulikuwa umejaa viatu vya wanawake waliokuja kusoma khitma. Nilipita katikati yao nikilia, nikapewa mikono, nikapewa pole, na nilipoweza kupumua nikapanda darini. Jiko letu liko juu, chini ya makuti. Nilitaka kuona vitu vyake kabla havijapangwa na mtu.

Mofa yake ilikuwa pale pale pembeni, mdomo umepasuka kidogo upande mmoja, umezibwa kwa udongo. Asiyeijua mofa, ni tanuri la udongo mfano wa mtungi. Moto unawashwa ndani hadi kuta zishike moto, halafu unga wa mtama uliokandwa unabandikwa kwa mkono kwenye ukuta wa ndani. Ni lazima mkono uingie, hakuna ujanja mwingine. Mkono wa kulia wa mama haukuwa na unyoya hata mmoja mpaka kwenye kiwiko, na ngozi yake ilikuwa inang'aa kama ya mtoto. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote wako hivyo.

Alizaliwa mtaa huo huo na akaolewa akiwa na miaka kumi na tisa, na kijana wa Lamu aliyekuwa ameandikwa jeshi. Wazee hawakupenda sana. Mwanamume wa hapa alitarajiwa kwenda baharini, au Mombasa, au Arabuni, si kuvaa buti. Mama alimtaka, akaolewa, na akamfuata kota. Kambi ya Kahawa kwanza, kisha ya Gilgil.

Agosti Mosi 1982 ilimkuta Kahawa, dadangu ana miaka mitatu na mimi nimo tumboni. Ilikuwa Jumapili. Redio ya Sauti ya Kenya ikasema serikali imepinduliwa, na baba alikuwa ameshatolewa nyumbani na wenzake tangu usiku bila kusema anaenda wapi. Wanajeshi wa anga ndio walioasi, na jeshi la nchi kavu ndilo lililotumwa kuwazima, lakini mke aliyefungiwa kota atajuaje nani anampiga nani? Mama alikuwa na nusu gunia la unga. Maduka yamefungwa, risasi zinasikika kwa mbali, akawasha jiko. Alikaanga mahamri mpaka unga ukaisha, akatuma mlango kwa mlango. Wanawake wa Kikamba, wa Kiluhya, wa Kikalenjin ambao hawakuwahi kuonja iliki ndani ya andazi walikaa chumbani kwetu wamekumbatia watoto, wakila, wakingoja. Baba alirudi siku ya tatu, na mwenzake mmoja wa kota ile hakurudi. Mama hakuwahi kunihadithia siku zile bila kumtaja mjane yule, na kila mara alimtaja kwa jina.

Gilgil nako kulimfunza baridi. Hamira haiumuki Gilgil kama inavyoumuka Lamu. Kwetu unakanda, unafunika, ukirudi kutoka kuswali unga umefika mdomo wa bakuli. Kule ulikuwa unakaa umelala tu. Basi alichukua koti zito la jeshi la baba, akalifunga bakuli ndani yake pamoja na kanga mbili, akaliweka kitandani kati yetu sisi watoto. Tulilala tumeuzunguka unga. Nakumbuka harufu ile mpaka leo, hamira na tui la nazi na sufu ya koti, na vifungo vya chuma vikinibana mgongo.

Niliyakumbuka haya majira yangu ya kwanza ya baridi huku. Nilikanda unga wa mahamri, nikangoja saa tatu, haukuinuka hata kidole. Nikampigia. Hakuniuliza unga wa aina gani wala hamira ya kampuni gani. Aliniuliza, "Koti unalo?"

Mwaka 1989 kikosi cha baba kilipelekwa Namibia na Umoja wa Mataifa, kusimamia uchaguzi na uhuru wa nchi ile. Hapo mama alirudi Lamu nasi, na hapo ndipo alipoanza kuoka kwa biashara. Mshahara ulikuja, lakini mara nyingine ulichelewa na hakuna aliyemweleza kwa nini, na watoto hawangoji. Alianza na mahamri ya asubuhi, akaongeza mofa, akaongeza vibibi na mkate wa sinia, na mwisho ule uliompa jina, mkate wa mayai. Ramadhani alikuwa hapati usingizi. Mwezi wa Maulidi, wageni wakijaa mjini kuja msikiti wa Riyadha, tulikuwa tunalala juu ya magunia ya unga kwa sababu chumba chetu kiligeuka ghala. Karo ya shule yangu ilitoka kwenye kaango, na ya dadangu pia. Baba mwenyewe alikuwa akilisema hilo mbele za watu, nami nampenda kwa hilo.

Mkate wa mayai si keki, ingawa wageni huuita hivyo. Hauna siagi, hauna hamira. Ni mayai, sukari, unga na iliki, na kinachouinua ni mkono. Mama alipiga mayai na sukari kwa mchapo mpaka yakawa meupe mazito, kisha akachukua tone akaliangusha juu. Tone likizama, bado. Tone likisimama, tayari. Ndipo unga ukaingia kwa vidole, pole pole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Halafu moto. Sufuria inawekwa juu ya makaa machache, inafunikwa kwa bati, na juu ya bati yanapaliwa makaa mengi zaidi. Vifuu vya nazi ndivyo alivyovipenda, kwa sababu vinashika haraka na havina moshi mwingi. Alikuwa akituambia kwa Kiamu chake, "Moto wa tini huinua, wa yuu hupamba." Ukizidisha wa chini, mkate unaungua miguu kabla haujapanda. Ukizidisha wa juu, unapata rangi nzuri na tumbo bichi. Alikuwa akikaa kwenye kibao, koleo mkononi, akihamisha kaa moja moja kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, bila kusema neno, kwa nusu saa nzima.

Ule ukimya wake nilikuja kuuelewa mwaka 1992, baba alipopelekwa Yugoslavia ya zamani, upande wa Croatia, na kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Namibia kulikuwa mbali, lakini ilikuwa Afrika. Huko Ulaya hatukujua hata pa kupawazia. Barua zilichukua wiki nyingi. Katika barua moja baba aliandika kuhusu theluji, kwamba inashuka bila sauti na asubuhi huoni njia. Mama aliirudia sentensi ile kwa majirani kwa siku kadhaa, akijaribu kuiona. Zaidi ya miaka ishirini na tano baadaye theluji ilianguka Leicester, nikatoka nje na simu nikamwonyesha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa kwenye weupe huu, peke yake," akaniomba nisikate, aendelee kutazama.

Baba alistaafu salama, wakaishi pamoja miaka kumi na moja bila safari, na akafa kitandani kwake. Mama alikaa edda yake miezi minne na siku kumi. Siku ya kutoka edda aliwasha mofa.

Kuna jambo moja sikutaka kuliacha. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, mwezi wa Juni, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku Lamu nzima. Mwoka mikate anaishi usiku. Vijana waliokuwa wakija kuchukua mahamri kabla ya alfajiri hawakuweza kuja, wavuvi hawakuweza kutoka, na mji uliokuwa ukiamka na adhana ya kwanza ulikuwa unangoja jua kama mgonjwa. Mauzo yake yalianguka vibaya. Watu walikuwa na uchungu, na wengi walikuwa na sababu. Asubuhi amri inapofunguka, mama alikuwa anajifunga buibui, anachukua bakuli la mahamri, anashuka hadi gatini na kuwapa vijana wa doria waliokesha pale. Bure. Majirani walimsema. Dadangu alimsema. Mimi nilikuwa bado nyumbani, nikamwambia, mama, watu wanaudhika. Akanijibu kwamba kila mmoja wa wale vijana ana mwanamke mahali fulani anayehamisha makaa bila kusema, na kwamba yeye hampi askari, anampa yule mwanamke. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Sasa huku Leicester, kwenye maduka ya barabara ya Belgrave, iliki na nazi na unga wa mchele vimejaa, kwa sababu Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walihamia hapa kwa maelfu. Kuna mzee mwenye duka, mzaliwa wa Kampala, ambaye Kiswahili chake kimeganda pale pale alipokiacha. Hunikaribisha kwa "Karibu, mama," nami humjibu "Starehe, mzee." Kwake ndiko nilikojifunza kununua nazi ya kufungashwa kwenye barafu nilipochoka kutafuta mbuzi ya kukunia. Mama hakuipenda nazi ile hata kwa kusimuliwa.

Narudi darini. Nyuma ya pipa la unga nililikuta daftari lake. Lilikuwa daftari la mistari la shule, jalada limelainika kwa mafuta, na ndani ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika bibi zake. Nilisoma pole pole, kwa kuwa chuo cha Kurani niliacha zamani. Madeni, majina, idadi. Mahamri thelathini. Mofa kumi na mbili. Mkate wa mayai kumi, wa mayai ishirini. Dadangu akanionyesha madaftari ya zamani kwenye sanduku la mvule, nikafungua la mwaka 1992. Katikati ya oda, bila mstari wa kuzitenga, kulikuwa na maneno mawili yanayojirudia kila baada ya kurasa kadhaa. Barua imefika. Juu yake, vibibi vya mtu wa Mkomani. Chini yake, deni la mayai. Na pale barua zilipokawia, oda zinaongezeka, kurasa zinajaa. Alipokuwa hana habari, alikuwa anaoka zaidi.

Kwenye daftari la mwisho kulikuwa na oda moja iliyobaki. Mwezi wa Shaabani kwetu ni mwezi wa harusi, watu wanataka kumaliza shughuli kabla ya Ramadhani. Mikate sita ya mayai kumi kumi, arubuni imepokelewa. Deni la maiti halilali, na wenye harusi walitutumia mtu kusema tusijali, wamesamehe, pesa ni sadaka yake. Dadangu alikataa.

Siku ya tano baada ya mazishi tukanunua mayai sitini. Tulipiga kwa zamu, mkono ukichoka tunapokezana mchapo. Mkate wa kwanza uliungua chini, ukanuka mji mzima. Tukautoa, tukaukata, ndani ulikuwa umelowa. Tukaenda kununua mayai mengine. Dadangu akakaa kwenye kibao, mimi nikashika koleo, halafu tukabadilishana, hatukuzungumza. Wa pili ulipanda. Kufikia magharibi yote sita ilikuwa kwenye masinia, imefunikwa kwa kitambaa chake cheupe, na kijana akaichukua kwa mkokoteni.

Niliporudi juu, makaa yalikuwa bado mekundu juu ya bati. Nikalifungua daftari, nikatafuta kalamu yake, na chini ya oda ile nikaandika kwa herufi zangu mbaya za chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto. Imefika.