Daftari apewe mwingine: uzoefu wangu wa kuongoza chama cha wanawake wa sayansi ya udongo

Ukitoka na timu ya upimaji wa udongo popote Kanda ya Ziwa, kazi hugawanyika zenyewe kabla gari halijazimwa. Vibarua wameshachimba shimo la kusomea tabaka za udongo. Kijana mmoja anaruka ndani na kisu, mwingine anafungua kitabu cha Munsell cha kulinganishia rangi za udongo, na mwanamke, hata akiwa ndiye mwenye shahada kubwa kuliko wote, anakabidhiwa daftari. "Dada, mwandiko wako unasomeka, tuandikie." Wengi husema hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini anayeandika kila safari hujifunza kuandika tu. Vidole vyake havijui udongo wa mfinyanzi unavyonyooka kama utepe ukiubinya kwa dole gumba, na siku anapotakiwa kutia saini ripoti ya ramani ya udongo, anatia saini maneno ya kusikia.

Nimekuwa mwenyekiti wa chama chetu hapa Mwanza kwa vipindi viwili. Huwa naulizwa kimewezaje kusimama wakati vyama vingi vya kitaaluma huishia kwenye fulana za uzinduzi. Jibu langu ni hilo shimo. Kwenye kikao cha kwanza wenzangu kadhaa walitaka semina, mgeni rasmi na mada ya kujiamini. Mimi nilisema mwanamke anayejua kazi hahitaji kufundishwa kujiamini, anahitaji nafasi ya kuishika kazi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukaandika kwenye katiba kwamba shughuli kuu ya chama ni siku ya shimo, na kwamba kila mwanachama atashuka, daftari litazunguka.

Usajili sina mengi ya kusimulia. Jumuiya za aina yetu ziko chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na msajili wake yuko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. NGO zina sheria yao, Na. 24 ya 2002, na msajili mwingine. Amueni mapema mko upande upi, maana katiba huandikwa kufuata upande huo.

Mjadala mgumu ulikuwa nani aingie. Daktari mmoja, wa shahada ya uzamivu si wa hospitali, mtu ninayemheshimu sana, alitaka wenye shahada ya pili kwenda juu, "tusije tukashusha hadhi." Nikamwuliza: "Mama, kaboni ya kwenye makala yako ya mwisho aliipima nani?" Akacheka, akanyamaza. Njia ya Walkley na Black ya kupima kaboni ya udongo, iliyochapishwa 1934 na bado inatumika kwenye maabara zetu nyingi, ina mtu anayesimama juu ya kemikali kali, daikromati na asidi ya salfuriki, siku nzima, na mara nyingi mtu huyo ni fundi sanifu wa kike ambaye jina lake halitokei popote. Tukawaingiza mafundi sanifu na maafisa ugani kwa haki sawa ya kura. Hao ndio wamekuwa uti wa mgongo wa chama. Watafiti tunasafiri, tunasoma nje, tunahamishwa. Wao wapo, na wanajua funguo za stoo ziko kwa nani.

Pamoja nao tulikubaliana jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko semina zote: mwanachama akiongoza utafiti, kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa anaandika nani atatajwa kama mwandishi na nani atashukuriwa. Karatasi moja, saini mbili. Imetuletea ugomvi na mabosi wengine, nao haujaisha.

Sasa shimo lenyewe. Usukuma umejaliwa darasa ambalo watu wa mbali hulisoma vitabuni. Geoffrey Milne, akiwa kituo cha Amani huko Tanga miaka ya 1930, ndiye aliyeipa dunia dhana ya katena, yaani udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Hapa unaitembea kwa miguu asubuhi moja. Unaanza chini ya majabali ya itale kwenye mchanga wa luseni, kwenye matuta ya viazi na mihogo, unateremka taratibu, na mwisho uko kwenye mbuga, udongo mweusi mzito wa mfinyanzi wenye majaruba ya mpunga.

Ratiba yetu inafuata mvua. Mbuga tunaichimba kiangazi, udongo ukiwa umepasuka nyufa za kumeza mguu. Sururu inalia, vibarua wananung'unika, lakini ndipo unapoziona kuta zake zilivyong'aa kwa udongo kusuguana ukivimba na kusinyaa. Masika shimo la mbuga ni hatari, kuta hubomoka. Siku ya Udongo Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa huiadhimisha kila tarehe 5 Desemba tangu 2014, inatukuta na mvua za vuli, kwa hiyo tunapanda juu kwenye udongo mwekundu wa kikungu, usiotuamisha maji.

Tunasoma tabaka kuanzia juu, ila sampuli tunazichukua kuanzia chini, udongo wa juu usije ukamwagikia tabaka ambalo bado halijaguswa. Uso wa shimo unaosomwa hakanyagi mtu juu yake. Anayeshuka anatangaza kwa sauti anachokiona, na walio juu wanaruhusiwa kumbishia. Kuna siku bibi mmoja mwenye shamba alisimama ukingoni akasema, "Hiyo ni ibushi, mnasumbuka bure." Ibushi ni jina la Kisukuma la udongo wenye chokaa. Binti aliyekuwa shimoni akadondosha asidi ya haidrokloriki, udongo ukatoa povu: chokaa ipo, bibi yuko sahihi. Tangu hapo mwenye shamba tunamwuliza kwanza, ndipo tunachimba.

Mambo madogo ndiyo yanayoamua nani atakuja. Choo kilicho karibu. Mahali pa kukaa dada anayemshika mtoto. Siku ya Jumamosi isiyo ya harusi, na hapa Mwanza siku kama hiyo huitafuta kwa tochi. Kabla Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, wenzetu wa Sengerema na Geita walitegemea kivuko, na kikao kilianza kuvunjika mtu akitazama saa. Sasa wanavuka kwa gari, na kwa mara ya kwanza kipengele cha mengineyo kinajadiliwa kweli.

Safari ninayoisifia zaidi ni ya kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria. Wakara wanajulikana tangu zamani kwa kulisha ng'ombe ndani, kuhifadhi samadi, na kupanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya uwele ili wairudishe ardhini kama mbolea. Wanachama wetu wawili wanaofundisha chuoni walikuwa wakiitaja Ukara kila mwaka bila kuikanyaga.

Fedha: ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka, fundi sanifu na afisa ugani nusu. Inalipwa kwenye namba ya chama, kamwe si simu ya mhazini. Kila mwisho wa mwezi mhazini anaweka kwenye kundi la WhatsApp nani kalipa na nini kimetumika. "Mnatuanika," walilalamika wengine. Ndiyo, tunawaanika, mimi nikiwa wa kwanza. Ada hizo zimenunua auga ya kutobolea udongo, futi kamba, visu na kitabu kimoja cha Munsell, ambacho ni ghali na kinaazimwa kwa saini. Mradi mmoja ulitaka kutulipia mkutano wa hotelini wenye posho. Tukaomba fedha hizo ziende kwa vibarua na dizeli. Hawakurudi, na wanachama wawili waliozizoea posho nao wakapotea.

Umoja wa Kimataifa wa Sayansi ya Udongo ulianzishwa 1924, na mwanamke wa kwanza kuuongoza, Laura Bertha Reyes Sánchez wa Mexico, alikishika kiti hicho 2021. Naitaja hiyo kila uchaguzi ukikaribia, hasa kwa anayeniambia, "Dada endelea tu, tumekuzoea." Katiba inasema vipindi viwili. Anayegombea safari hii ni fundi sanifu wa maabara, na yule daktari wa hadhi ndiye aliyemdhamini fomu.