Shangazi alimaliza kumenya ndizi kwanza

Habari zenu wadau, wiki hii nimeulizwa tena na mabinti wawili, mmoja yuko Tunduma mwingine Makambako, na swali lao ni lile lile, dada nataka kuwa muigizaji wa filamu, nianzie wapi, nije Dar? Nikaona niandike hapa kwa kirefu kwasababu jibu langu limebadilika sana toka nlivoanza.

Mi nimeanzia kanisani kama wengi wetu huku. Maigizo ya Pasaka, ukumbi umejaa, watoto wamekaa chini mbele, maiki ya kueleweka hakuna, kwahiyo ukiwa Mariamu Magdalena lazima yule mama wa benchi la mwisho karibu na mlango akusikie. Nlikua najua kupaza sauti na najua kulia mpaka watu wanalia na mimi. Siku ya kwanza nasimama mbele ya kamera, filamu fupi tu tunarekodi kwenye nyumba moja kule Uyole, nlijiona niko tayari kabisa.

Sini yenyewe napigiwa simu naambiwa kaka yangu amefariki. Nikapokea, nikapiga yowe, nikajitupa chini. Mwalimu wetu, ambae kasoma TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, aliacha nikamaliza yote. Afu akaja akachuchumaa karibu yangu akasema taratibu, "Mdogo wangu, umelia kabla hujasikia."

Sikumuelewa. Nimekaa na hilo neno kama siku tatu hivi, ndo nikamkumbuka shangazi yangu wa Tukuyu. Nlikua darasa la sita, yeye kakaa kibarazani anamenya ndizi za jioni, akaja kijana wa jirani anahema, akamwambia mume wake amefia njiani. Sasa nyie mnaujua msiba wa kwetu Unyakyusani, kilio kinafika kijiji cha pili. Lakini zile sekunde za kwanza shangazi hakulia. Alimaliza ile ndizi aliyoishika, akaitumbukiza kwenye sufuria la maji, akafuta kisu kwenye kitenge upande huu na upande huu, ndo akainua uso akamuuliza yule kijana, "Nani?" Kilio kilikuja baadae, na kilipokuja majirani wote walitoka.

Hiyo "nani" ndo uigizaji wa kamera wote ninaoujua mimi. Yani jukwaani unampelekea hisia mtu wa benchi la mwisho, ila kwenye kloozapu, yani kamera ikiwa karibu na uso, yule mtu wa benchi la mwisho kaletwa hapa, karibu na pua yako, anaona kope, anaona koo likimeza mate, anaona ukiwa unawaza na anaona ukiwa unajifanya unawaza. Ukimuongezea na yowe unamfukuza. Kwahiyo kazi kubwa ni kusikiliza, umsikilize kweli mwenzako anaeongea, hata kama sentensi yake unaijua kwa kichwa na umeisikia mara kumi na mbili toka asubuhi, kwasababu sini moja mnairudia waidi, yani kamera ikiwa mbali inaona wote, mnairudia ya karibu, afu kamera inageuzwa kwa mwenzio na hapo we hata huonekani lakini bado unatakiwa umpe kila kitu ili na yeye apate cha kusikia. Wengi hapo ndo wanalegea wanaanza kuchungulia simu. Roho inaniuma nikiona hivo.

Mazoezi yetu tunafanyia chumba kimoja hapa Mwanjelwa, simu moja, stendi ya kufunga na raba, godoro limeegemezwa ukutani ili sauti isirudi. Masika hatupati kitu maana mvua ya Mbeya ikigonga bati huwezi kusikia hata anaekuongelesha sikioni, kwahiyo miezi hiyo tunasoma tu skripti na kushika dayalogi. Zoezi ninalolipenda ni la chai. Unakunywa kikombe cha chai huku unaongea, unarudia mara tano, na kila mara unatakiwa unyanyue kikombe kwenye neno lile lile na kwa mkono ule ule, la sivyo mhariri hana pa kukata, waidi una kikombe mkononi na kloozapu kiko mezani. Na wakati mkono unakumbuka kikombe, moyo unatakiwa usahau kabisa kwamba kuna kikombe. Hilo linachukua miezi, sio wiki.

Haya, Dar. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 800, na nimeona wenzangu wamefika kule hawana kitu mkononi wanaishia kusubiria nje ya ofisi za watu. Kama una uwezo wa ada nenda shule, TaSUBa ipo toka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wana idara yao ya sanaa. Kama huna, tafuta kikundi. Kanumba alitoka Shinyanga, akapitia kikundi cha maigizo cha Kaole, na kikundi kile ndo kilikua darasa la watu wengi mnaowapenda. Kabla hujapanda basi uwe na klipu yako ya dakika moja au mbili, uso unaonekana, sauti safi, huna mapambo mengi, maana anaechagua waigizaji hataki kujua una wafuasi wangapi, anataka kuona ukisikiliza.

Na mkataba, jamani. Mi nimewahi kufanya siku tisa za kazi kwa maneno tu, mpaka leo sijaona hata hela ya nauli, na ile kazi ilirushwa. Nlilia kweli. Siku hizi naomba karatasi yenye siku, malipo na lini yanalipwa, na naomba kuona kibali cha Bodi ya Filamu, ambacho ni takwa la sheria toka 1976. Mtu wa kweli hakasiriki ukiuliza.

Kwa sasa bado nauza mchele wa Kyela, na pale mezani ndo najifunzia watu. Jana kuna baba kahesabu hela zake mara tatu akijua kabisa hazitoshi kilo tano, kila akihesabu anazinyoosha zile noti taratibu. Uso wake hata haukubadilika. Jumamosi nataka tulifanyie kazi lile la noti, saa tisa mchana, mlioko Mbeya karibuni sana, mje na kitenge kizito cha kuziba dirisha maana la pale limevunjika kioo na kelele za bodaboda zinaingia zote.