Crooks na rafu ya vitabu

Wengi wakizungumzia riwaya ya Of Mice and Men ya John Steinbeck (1937) hukimbilia kwa George na Lennie, vibarua wawili marafiki. Mimi ningesema fungua sehemu ya 4, usome chumba cha Crooks, mtunza farasi wa shamba wanakofanya kazi, kabla hujasikiliza maneno yake. Ni kibanda kilichoegemea ukuta wa banda la farasi. Kitanda ni sanduku refu lililojazwa majani makavu. Kuna kamusi, na nakala iliyochakaa ya sheria za kiraia za California ya 1905. Ya nini sheria kwa mtunza farasi? Jibu limo humohumo: anazijua haki zake, na anapowakatalia watu kuingia chumbani anataja haki. Ndiyo silaha pekee aliyonayo.

Bwenini kwa wafanyakazi wenzake haruhusiwi kucheza karata kwa sababu ni mweusi. Wanasema ananuka. Ila kurusha viatu vya farasi uwanjani anacheza nao, tena anawashinda. Ubaguzi wenyewe una ratiba, unaona?

Wasomaji hukosea wanapomwona katili kwa kumtisha Lennie kwamba George huenda asirudi. Anamwonjesha tu uchungu anaoumeza yeye kila usiku.

Halafu mke wa Curley, mwana wa mwenye shamba, anamkumbusha kwamba neno lake moja latosha kumnyongesha mtini. Crooks ananywea. Dakika chache kabla alikuwa ameomba kwenda nao kwenye lile shamba la ndoto, ambalo George, Lennie na mfanyakazi mzee Candy wanatamani kulinunua, afanye kazi kwa chakula tu. Sasa anamwambia Candy asahau. Anabaki peke yake, anajipaka dawa mgongoni.