Futi yangu ndani ya ghorofa la Kivinje

Nashona mapazia Lindi mjini, na popote niingiapo macho yangu hutangulia madirishani. Ndiyo maana mama mdogo hakuniacha nimalize chai. Nilikuwa nimepeleka mzigo Kilwa Masoko, nikaona nisirudi bila kupita Kivinje kumwamkia. "Twende," akasema, "nikuonyeshe jumba la tajiri lisilo hata na kitambaa dirishani."

Ni ghorofa la mfanyabiashara wa karne ya 19, jirani na pwani. Mzee anayekaa vyumba vya nyuma alitupokea barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Karibuni, ila ngazi hiyo msiiamini. Kanyageni upande wa ukutani."

Mlango ni ule wa Kihindi, wa vibao vya mraba mraba na njumu za shaba. Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, haupo. "Uliondoka usiku," babu akasema, akanyamaza, nami sikuchimba.

Ndani nikatoa futi. Mama mdogo akacheka, lakini mkono umezoea. Ukuta: sentimita 54, mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba cha mbele: urefu mita 9, upana mita 2 na sentimita 60. Nikapima tena. Jumba lote hili, na chumba chembamba kama varanda! Nikauliza kama pesa zilimwishia.

Babu akanyoosha fimbo juu. "Boriti."

Dari limelala juu ya boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka na kubeba uzito haupatikani mrefu unavyotaka. Mti ndio uliokata upana wa chumba. Tajiri akitaka makuu, anarefusha, kupanua hawezi. Miaka yote nimewashonea watu mapazia nyumba za kale nikilaani vyumba hivyo, kumbe nilikuwa naulaumu mkoko.

Chumba hicho, babu akasema, kilikuwa cha mitumba. Nikafikiria nguo za mnadani, akanirudisha: mitumba ya misafara, marobota ya vitambaa, merikani kutoka Marekani na kaniki kutoka India. Wapagazi waliyabeba kuelekea Ziwa Nyasa, yakarudi yamegeuka pembe za ndovu. Na yakarudi yamegeuka watu. Kivinje ilikuwa mlango mkubwa wa biashara ya watumwa kusini, wengi wakivushwa hadi Unguja kwenye mashamba ya karafuu.

Hapo nilikaa chini kidogo, juu ya kizingiti. Unajua doti? Naikata kila siku. Mikono minane, mkono mmoja ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole, ndiyo hiyo hiyo waliyohesabia wao. Jora ni jora mpaka leo. Nilikuja nikidhani nitaona nyumba iliyojengwa kwa mawe, nikajikuta ndani ya nyumba iliyojengwa kwa kitambaa, tena kimepimwa kwa maneno ninayoyatumia dukani kwangu nikigombania shilingi mia tano na wateja.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini kufunga masoko ya watumwa na kuzuia wasisafirishwe baharini. Magendo hayakukoma siku hiyo. Lakini pembe, sandarusi (utomvu mkavu wa mti) na mpira vilizidi kubeba mji, kisha Wajerumani wakaja na boma lao. Siku hizi wilaya iko Masoko, kwenye kina cha maji. Kivinje bahari ikitoka, mashua hukaa matopeni.

Juu ndiko walikoishi. Roshani imebaki mihimili mitatu na hewa. Zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, bado zipo ukutani, kimoja kina sabuni ya babu na mswaki. Chumba cha ndani kabisa, chini tu ya boriti, nikaona vigingi vya mti vimepangwa msitari mmoja ukutani, laini kwa kushikwashikwa.

"Vya nini hivi, babu?"

"Vya kutundikia nguo. Ukuta mzima ulivikwa."

Basi. Nikampa ncha ya futi. Aliishika kwa vidole viwili, kwa adabu, kama anayeshika mkono wa mgonjwa. Toka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho: mita 4 na sentimita 10. Ukitaka mikunjo ya kukaa vizuri unazidisha mara mbili. Nikaandika kwenye daftari, chini ya oda ya Masoko: doti mbili na robo.

"Na hiyo utamtoza nani?" mama mdogo akauliza kutoka kwenye ngazi, akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.